Chupa Nne za Chini ya Ngazi

Ndiyo, Dada, nimezigusa. Najua ulisema nisiziguse. Ulisema ukiwa na begi mkononi, ukasema tena mlangoni, ukarudia ukiwa barabarani kwa kuninyooshea kidole, na mimi kila mara nikaitikia kama mtu mwenye akili zake. Haya, swali lako nimeshalijibu, sasa tusalimiane kama binadamu. Shikamoo. Hujambo? Mwanao mzazi hajambo? Na hao mapacha je? Nasikia mmoja akinyamaza mwenzake anapokea, kama walinzi wa zamu. Mimi mwili hauna neno, nakula na natembea. Ila moyo, Dada, unadunda kama jenereta la kukodi.

Umeniuliza kwa nini Bibi, tajiri wako, amekuandikia uwahi kurudi, ana neno la kukuambia ana kwa ana. Ukaniuliza pia, kwa maandishi yaliyotoboa karatasi, nimefanya nini humo ndani. Ningekupigia simu, lakini yako umesema imezama kwenye beseni la nepi, na hata isingezama ungenikatiza kabla sijafika katikati. Barua haina wa kuikatiza. Nakuomba uisome mpaka chini kwenye jina langu, ndipo uanze kunitukana. Anayekuletea ni dereva wa lori la magodoro, mtu mwema, mpe chai.

Kwanza nikutoe wasiwasi: nyumba nimeitunza tangu uniachie kazi yako. Mapazia nimeyafua, jiko linang'aa, yule paka amenizoea mpaka ananidharau. Bibi mwenyewe alikiri kwamba masufuria yake hajawahi kuyaona uso hivi tangu ayanunue. Nikamwambia ndiyo fani yangu. Unaijua biashara yangu, Dada: nanunua feni iliyokufa, naiosha, naipiga brashi, naiuza ikiwa bado imekufa lakini imependeza. Kitu kichafu sikiwezi. Nikikiona mikono inaniwasha. Huo ndio ugonjwa wangu na ndio ulioniponza.

Siku moja kabla ya wageni, Bibi aliniita sebuleni. Akasema kesho wanakuja marafiki zake wawili kula, daktari wa meno na Mwalimu, mwaka umetimia tangu mumewe, Mzee, atutoke. Akaniagiza nifungue kabati la chini ya ngazi, nitoe chupa ya mvinyo yenye karatasi ya jina la marehemu, niisimamishe wima mezani taratibu bila kuitikisa, ili machicha yake yatulie chini mpaka kesho. Hizo nyingine tatu niziache zimelala. Kwa hiyo, Dada, usiseme nilijipeleka. Nilitumwa. Nilitumwa kutoa moja, hapo sibishi.

Sasa nikafungua kabati. Wewe umefanya kazi humo ndani miaka yote hii, hebu niambie, uliwahi kuziangalia zile chupa? Vumbi lake si vumbi, ni blanketi. Utando wa buibui umefunga shingo zote nne kama bandeji. Karatasi zimekuwa kahawia, zimejikunja pembeni, na ile nta nyeusi ya mdomoni ina ukoga. Nikajisemea, watu wazima wanaalikwa mezani halafu wanaletewa uchafu wa namna hii, watamsema nani? Watakusema wewe, Dada. Watasema yule dada wa kazi ni mvivu. Naapa niliwaza jina lako.

Nikazibeba zote nne jikoni. Maji ya moto, sabuni ya unga, brashi ya viatu ambayo haijagusa kiatu. Nikazisugua. Zilitoka nyeusi, zinameremeta kama viatu vya bwana harusi. Nikasimama kando kuzitazama, najipongeza, na ndipo nikaona vile vikaratasi vinne vinaogelea kwenye beseni.

Maandishi yalikuwa bado yanasomeka, Mzee aliandika kwa wino wa kukaidi. Kila karatasi ina jina moja: lake, la Bibi, la daktari wa meno na la Mwalimu. Tatizo chupa zenyewe. Zilikuwa zimetoka kiwanda kimoja, zimefanana kama hao wajukuu zako. Nikajaribu kukumbuka ipi nilishika ya kwanza, ipi ilikuwa kushoto, lakini nilikuwa nimezipanga, nikazigeuza, nikazifuta, nikazipanga tena. Sikuwa na alama yoyote. Nikakaa juu ya ndoo nikatafakari kama hakimu. Mwisho nikagundua moja imenenepa kidogo kiunoni. Marehemu alikuwa mnene. Nikampa hiyo. Zilizobaki nikagawa kwa imani. Nikakoroga gundi ya unga wa ngano, nikabandika, nikachota vumbi juu ya kabati la nguo nikazipakaa ili zisionekane zimeoga.

Usicheke. Au cheka sasa hivi, maana mbele hapachekeshi.

Wageni walikuja jua likiwa linazama, unajua wale wanakula mapema ili chakula kisilale nao. Alikuja yule daktari wa meno mstaafu, mrefu, mwenye utani wa kutisha wagonjwa, na yule mwalimu mkuu mstaafu, mama mwenye sauti ya kengele, ambaye aliniangalia viatu kabla ya uso. Nilikuwa nimeoka nyama na viazi, na nimepanga jibini na lozi kama ulivyonielekeza. Nilitaka kuhudumia na kujificha jikoni. Bibi akakataa. Akasema meza ile ilizoea watu wanne, kiti cha Mzee kikikaa wazi atakuwa anakitazama kikimtazama, kwa hiyo nikae mimi. Nikakaa kwenye kiti cha marehemu, nikiwa na gundi yangu kwenye kucha. Chupa iko mbele yangu, imesimama, ina jina lake.

Walianza na chupa walizokuja nazo wageni. Mwalimu akanieleza, maana hawezi kuona mtu asiyejua akamwacha hivyo, kwamba huo si mvinyo wa kawaida. Mvinyo wa kawaida ukizeeka sana unakufa. Huu unatiwa pombe kali ungali mchanga, basi unapata nguvu ya kuishi kuliko walioutengeneza. Alichokuja nacho Daktari kilikuwa cha rangi ya kaharabu, kikavu, kina chumvichumvi na harufu ya lozi. Nikanywa, ulimi ukajikunja kama umekanyagwa. Cha Mwalimu kilikuwa kimepikwa kwa joto makusudi, miaka kadhaa juu kwenye dari, kinanukia sukari iliyoungua na ganda la chungwa. Hicho nilikielewa. Nilimwambia kina ladha ya dawa ya kikohozi iliyopelekwa shule. Daktari alicheka mpaka akagonga meza, na ile chupa ya katikati ikatikisika, na wote watatu wakairukia kuishika kama mtoto anayeanguka ngazi.

Hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na baridi. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, hiyo ina nini cha ajabu.

Sidhani kama wewe uliwahi kuambiwa, Dada, ndiyo maana nakueleza. Wale wanne walikuwa marafiki tangu ujana. Walipoanza kushika kazi walinunua chupa nne, kila mtu ya mwaka aliozaliwa. Wakakubaliana hivi: chupa haifunguliwi mwenyewe akiwa hai. Akiondoka, waliobaki wanasubiri mwaka, wanakaa meza moja, wanainywa yote wakimsema, mazuri na mabaya. Mwenye chupa haonji yake. Daktari alisema yeye aliomba awe wa kwanza kufa ili asije akabaki wa mwisho akalewa peke yake, na sasa Mzee amemuwahi, kama alivyomuwahi kila kitu. Halafu akanigeukia mimi, akasema kwa utani kwamba atakayekosea akafungua chupa ya aliye hai, basi huyo aliye hai ajiandae.

Mwalimu hakucheka. Alisema mambo mengine hayataniwi. Akakohoa. Dada, alikohoa kikohozi kirefu, kile kinachotoka chini kwenye magoti, na mimi nikatazama ile chupa nene nikaanza kujiuliza kama Mwalimu alipokuwa kijana alikuwa mnene.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikueleze ukweli, nafasi zilikuwa nyingi. Nilifungua mdomo, nikaweka kiazi. Nilijiambia nikisema, Bibi ataniuliza nani kakuleta humu, na jibu ni wewe. Kazi yako yote, uaminifu wako wote, mimi nautia kwenye beseni na sabuni ya unga. Nikameza kiazi kizima kizima, kikashuka kinanikwaruza, nikajikuta nakodoa macho. Bibi akanigonga mgongoni akaniuliza kama ni moto.

Daktari akatoa mkoba wake. Alikuwa amekuja na vyombo vya kazi yake ya zamani, anasema kizibo cha zamani ni sawa na jino bovu, ukivuta kwa hasira kinakatika. Alivunja ile nta, akaingiza kitu chembamba pembeni, akawa anakibembeleza kizibo, anakisemesha, mara anakiuliza kama kinauma. Na mimi najifuta jasho kwa kitambaa cha meza. Ndipo akasema jambo ambalo hakuna aliyeniambia: viwanda vile vinachoma tarakimu za mwaka kwenye kizibo. Kwa hiyo, anasema, Mzee tutamwona kwa macho, kaandikwa humu.

Kaandikwa, Dada! Mimi nimehangaika na karatasi za juu, kumbe jina la kweli liko ndani linanisubiri.

Kizibo kikakatika. Nusu kikazama ndani, nusu kikatoka. Nikashukuru kimoyomoyo, nikidhani mwaka nao umezama. Daktari akakiinua karibu na mshumaa, akakodoa, akasema kuna tarakimu lakini miwani kaiacha kwenye koti. Mwalimu akanyoosha mkono. Daktari akasema hapana, mke ndiye anayetambua mumewe. Akakiweka kwenye kisahani cha chai akampa Bibi.

Bibi alikitazama. Sikudanganyi, alikitazama muda ambao mimi ningeweza kufika kituo cha basi na kupanda. Akakigeuza kwa ncha ya kisu. Kisha akatabasamu, akakichukua, akakitia kwenye mfuko wa sweta, akasema, "Ni yeye. Mimina."

Dada, niliachia pumzi mpaka mshumaa ukayumba. Nikaona nimepatia! Unene umenisaidia! Nikawa mtu mpya, nikasimama mwenyewe kumsaidia Daktari. Tulimimina taratibu kwenye jagi la kioo, mshumaa ukiwa nyuma ya shingo ya chupa ili tuone machicha yakianza kuja, na mdomoni mwa jagi tumeweka kitambaa cheupe kinase vipande vya kizibo. Ulitoka mwembamba, mwekundu uliochakaa, kama kutu iliyoyeyuka. Harufu ilizunguka meza kabla glasi hazijazunguka: zabibu kavu, mbao za kabati la zamani, kahawa kwa mbali. Nikanywa. Kwanza ni utamu, unakukaribisha vizuri, halafu moto unashuka kifuani polepole, na ukishadhani umeisha unarudi tena kukuaga. Sikuwa na utani. Mimi, Dada, nilikosa utani.

Wakamsema Mzee. Daktari akasimulia Mzee alivyowahi kumkimbia kwenye kiti cha kung'olea jino akiwa na kitambaa cha mgonjwa shingoni, akaenda nacho mpaka ofisini. Mwalimu akalia kidogo, akasema huo mvinyo ni yeye kabisa, unaanza kwa kelele unamalizia kwa upole. Bibi hakusimulia sana. Alikuwa anakunywa kidogo kidogo, anafumba macho, anaweka glasi, anaitazama, anarudia. Aliomba aongezewe. Wale wawili wakatazamana, maana Bibi si mtu wa kuongezewa. Nikafikiri ni uchungu wa mjane.

Walipoondoka nikabeba vyombo jikoni, napiga mluzi. Bibi akanifuata, akachukua kitambaa, akasema anataka kukausha glasi mwenyewe. Mimi naosha, yeye anakausha. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa sweta, akaweka kile kipande cha kizibo juu ya meza, akaniambia nisome. Shule yangu unaijua, mimi na shule tuliachana mapema bila ugomvi, lakini tarakimu nazisoma. Nikasoma. Akaniuliza najua nani alizaliwa mwaka huo. Nikajibu kwa kujiamini, Mzee. Akasema Mzee alimzidi miaka mitatu na hakuacha kumkumbusha siku yoyote waliyoishi pamoja. Mwaka huo, akasema, ni wangu mimi.

Nilikaa chini. Hapakuwa na kiti, nilikaa chini hivyo hivyo, sakafuni, na paka akanipisha.

Nikamwambia yote, Dada. Maji ya moto, brashi, vikaratasi, unene wa marehemu, gundi, mpaka vumbi la juu ya kabati la nguo. Nikamwambia wewe hukujua, kosa ni langu, na kama ni kufukuza anifukuze mimi. Nilisubiri anipige na kitambaa. Bibi akashika ukingo wa sinki akacheka. Alicheka mpaka akafuta machozi, akarudia tu, "Ulizifua! Ulizifua kama soksi!" Aliponyamaza akasema miaka yote hiyo, kila alipopita kwenye zile ngazi, alikuwa anajiuliza yake ina ladha gani. Yao atazionja akibahatika, lakini yake wataonja wengine. Na sasa kaonja, na Mwalimu kamsifia bila kujua, na yeye mwenyewe kaona haukuwa mbaya hata kidogo.

Mimi nilikuwa naanza kucheka naye. Ndipo akaniambia lile lingine. Na hapa, Dada, navunja ahadi, maana alinitaka nisikuambie, atakuambia mwenyewe. Lakini wewe umeshakosa usingizi ukidhani unafukuzwa kazi. Hufukuzwi. Bibi ana uvimbe tumboni. Amejua tangu kabla hujasafiri, akakuficha ili uende kwa mwanao bila kinyongo. Alhamisi ijayo anaingia hospitali kupasuliwa. Daktari wa hospitalini kasema unatolewa na watu wengi wanapona, ila umri nao una maneno yake. Marafiki zake hawajui. Ndiyo maana alikiweka kizibo mfukoni: Mwalimu angeona mwaka ule, halafu akasikia hospitali, asingelala tena.

Bibi hana hofu, au anaificha vizuri. Mwenye hofu ni mimi. Najua ni kioo na maji ya zabibu. Najua uvimbe ulikuwepo kabla ya brashi yangu. Lakini usiku nikifumba macho namwona Daktari anaongea na kile kizibo, anakiuliza kama kinauma, na mimi niko pale nina kiazi mdomoni. Kama nisingeziosha, angefunguliwa Mzee. Hilo tu ndilo linalozunguka kichwani, halina mlango wa kutokea.

Jana Bibi kanishtukia. Kaniita, kaniambia nitoe chupa nyingine chini ya ngazi, yoyote, maana sasa hakuna anayejua ipi ni ya nani, niisimamishe mezani. Anasema akirudi hospitali atawaita wenzake, awaambie ukweli wote, waifungue waone imemwangukia nani, na kama ni ya Daktari basi Daktari naye aonje yake, hiyo sheria yao ilikuwa ya kijinga tangu mwanzo. Nimeisimamisha. Iko hapa mbele yangu ninavyoandika, machicha yanashuka. Vumbi limeshaanza kukaa mabegani mwake. Mikono inaniwasha, Dada, lakini sijaigusa.

Nisalimie mwanao, mwambie mjomba wake anajivunia. Wabusu mapacha, kila mmoja busu lake, wasigombane. Bibi anakusalimu pia, ingawa hajui nakuandikia. Paka hana salamu.

Sasa sikiliza, nina biashara na wewe, na hii ni ya halali. Mtu anayepaswa kushika mkono wa Bibi Alhamisi ni wewe, si mimi. Mimi nitamchekesha mpaka mshono ufumuke. Panda lori hilo hilo la magodoro likigeuza, dereva nimeshaongea naye. Ukifika tu, mimi nashika njia, nakuja kukaa na mwanao. Nepi nitafua zote, usiku na mchana, mpaka Bibi arudi nyumbani na wewe useme basi. Kufua unajua nafua. Wewe kwa upande wako usinigombeze mbele ya Bibi, na usiipanguse hiyo chupa.

Ila kabla hujaondoka, mfunge mmoja wa mapacha uzi mkononi, fundo gumu. Nitakuwa nawaogesha mimi.

Mdogo wako,
Kiroboto